UCHUNGU WA KUZAA: USIUHARAKISHE MWENYEWE

Mama mjamzito, mfuko wako wa uzazi ni msuli. Hukaza na kulegea, lakini si kwa amri yako. Unaongozwa na homoni, yaani kemikali za mwili zinazosafiri katika damu.

Wakati wa mimba, homoni iitwayo projesteroni huutuliza mfuko ili mtoto akue. Miezi ya mwisho unaweza kusikia tumbo likikaza kidogo na kuacha. Ukipumzika na kunywa maji, hupotea. Huo si uchungu wa kuzaa.

Siku zikitimia, mfuko huitikia homoni nyingine, oksitosini, inayotoka kwenye ubongo. Kichwa cha mtoto kinapobana mlango wa uzazi, ubongo huongeza oksitosini. Kwa hiyo uchungu wa kweli huja kwa mpangilio, huzidi nguvu, na hauachi hata ukilala.

Kati ya uchungu mmoja na mwingine mfuko hulegea. Muda huo haupotei bure. Mfuko ukikaza, damu iendayo kwa mtoto hupungua. Ukilegea, mtoto anapata tena hewa.

Kwa sababu hiyo, usinywe mitishamba wala dawa za sokoni za kuharakisha uchungu. Zinaweza kuukaza mfuko bila kupumzika. Mtoto hukosa hewa, na mfuko unaweza kupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kuzaa kwa upasuaji. Hospitalini dawa ya kuongeza uchungu hutolewa kwa kipimo, huku moyo wa mtoto ukisikilizwa.

Mtoto akishazaliwa, mfuko lazima ukaze ili kufunga mishipa ya damu pale kondo la nyuma lilipokuwa. Ukibaki umelegea, mama hutokwa na damu nyingi na anaweza kufa. Ndiyo sababu mkunga hukuchoma sindano ya oksitosini. Mnyonyeshe mtoto ndani ya saa 1, kwani kunyonya nako huleta homoni hiyo.

NENDA KITUO CHA AFYA MARA MOJA UKIONA:
- Uchungu umeanza kabla ya wiki 37
- Damu inatoka ukeni
- Chupa imepasuka na maji yanatoka
- Tumbo ni gumu na halilegei
- Mtoto hachezi kama kawaida

Akina baba na majirani: mama akipatwa na dalili hizi usiku, msingoje kukuche. Msindikizeni.