Sabuni ya Maji kwa Ngozi ya Mtoto

Ninyi mama wa Masisi na Walikale, ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Sabuni ya mawese hupikwa kwa soda kali. Ikiwa ingali mbichi, soda iliyobaki huweza kumwunguza mtoto. Basi fanyeni hivi:

1. Chagueni sabuni nyeupe isiyo na manukato. Ikiwa imepikwa kijijini, ikauke kwanza majuma 4.
2. Kwangueni kwa kisu vijiko vikubwa 2. Tieni katika lita 1 ya maji yaliyochemka, mkoroge hata iyeyuke.
3. Ikipoa, tieni katika chupa safi yenye kifuniko. Isiwe chupa ya kinywaji, mtoto asije akainywa.
4. Tumieni kidogo, suuzeni sana, kisha mpakeni vazelini ngozi ingali na unyevu. Baada ya juma 1 mwageni iliyobaki, maana vijidudu huzaana humo.

Lakini mtoto akijikuna usiku, na wengine nyumbani wakijikuna pia, huenda ni upele. Sabuni haiuponyi, njoni hospitalini jamaa yote.

Vivyo hivyo nabii Yeremia (2:22) alifundisha kwamba sabuni haiondoi dhambi. Kwa hiyo, mwendeeni Yesu.