Je, Wajua? Shanga, Masanduku na Meli za Ziwa Tanganyika

Je, wajua kwamba soko la Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, lilikuwa na wabadilishaji fedha wake miaka mingi kabla ya benki? Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika mwaka 1874 akakuta watu wakinunua kwa sofi, shanga mfano wa vipande vya mtemba uliovunjika. Soko likifunguliwa, wenye mifuko ya sofi waliwauzia wanunuzi kwa shanga za aina nyingine. Likikaribia kufungwa, walizinunua tena kutoka kwa wauzaji. Faida kwenda, faida kurudi!

Chumvi ya Uvinza ilivushwa ziwa kwa mitumbwi. Pembe za ndovu kutoka Manyema zilipita hapohapo Ujiji kuelekea pwani.

Je, wajua kwamba Good News, meli ya mvuke ya wamisionari wa London, ilifika ziwani vipandevipande? Ilipitia Ziwa Nyasa, wapagazi wakaubeba mzigo nchi kavu, na mwaka 1885 ikashushwa majini.

Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta boti mbili za vita kupambana na Wajerumani ziwani, kutoka Cape Town kwa treni, kwa matrekta ya mvuke na kwa kukokotwa na ng'ombe. Kamanda Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa, naye akaziita Mimi na Toutou. (Huyo Mimi si wa Kiswahili, ni majina ya wanyama walewale, kwa Kifaransa cha watoto.)

Lakini mwenye ziwa ni meli Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina Graf von Goetzen, ikafunguliwa yote na kupakiwa katika masanduku kama 5,000: kwa meli hadi Dar es Salaam, kwa reli hadi Kigoma. Julai 1916 Wajerumani walilazimika kukimbia. Mafundi walioiunga ndio walioambiwa waizamishe, nao kwanza wakaipaka injini grisi nene. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini ilikuwa bado inafaa, na Mei 1927 meli ikarudi kazini kwa jina jipya.

Iliendelea kupiga safari hadi Mpulungu, Zambia, kwa miongo mingi. Vijiji vingi vya njiani havikuwa na gati, kwa hiyo ikipiga honi mitumbwi iliikimbilia ubavuni, abiria na magunia ya dagaa wakipandishwa papo hapo, katikati ya maji.