Komba wa Rondo na Bundi wa Sokoke

Komba wa Rondo na bundi wa Sokoke ni wawindaji wadogo wa usiku katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, na wote wamo hatarini kutoweka. Komba huyu, jamaa wa lemuri wa Madagaska, hupatikana Tanzania pekee. Jina lake limetokana na uwanda wa juu wa Rondo, mkoani Lindi, na alitambuliwa kuwa spishi ya pekee katika miaka ya 1990. Bundi wa Sokoke alielezwa kisayansi mwaka 1966. Huishi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, na chini ya milima ya Usambara Mashariki.

Mmoja hunyonyesha, mwingine hutaga mayai. Hata hivyo, kila mmoja ana uzani wa gramu 50 hadi 60 hivi, na chakula kikuu cha wote ni wadudu.

Macho yao ni makubwa, lakini hayazunguki sana matunduni. Bundi hufidia kwa shingo, inayogeuka hadi nyuzi 270 hivi. Komba naye ana utando nyuma ya retina unaourudisha mwanga ndani ya jicho; ndiyo maana macho yake hung'aa yakimulikwa kwa tochi. Masikio ya komba ni mapana na kila moja hugeuka peke yake. Vishungi vya kichwani mwa bundi si masikio: matundu yake ya kusikia yamefichwa chini ya manyoya. Komba huruka mtini hadi mtini kwa miguu mirefu ya nyuma, mkia ukimpa mizani. Bundi hupaa kwa mbawa laini zinazopunguza mvumo wa hewa.

Gizani, watafiti huwatambua wote wawili kwa milio yao.

Ukataji wa mbao, uchomaji makaa na upanuzi wa mashamba umepunguza makao yao. Komba wa Rondo amebaki katika vipande vya msitu vilivyotengana, vikiwemo vya Pugu na Kazimzumbwi karibu na Dar es Salaam. Bundi, kwa jumla, hukabiliwa pia na imani: nchini Kenya, tangu vijijini hadi mitaa ya Nairobi, wengi huhesabu mlio wake kuwa ubashiri wa kifo, na wapo wanaomuua. Imani hiyo haina msingi. Bundi wa mijini hula panya na hivyo huwafaa watu. Kwa spishi hizi mbili, kinga ya kwanza ni kuilinda misitu iliyobaki.