Chupa ya Kale Haifichi Umri

Mto Thames hupwa na kujaa mara mbili kwa siku hata katikati ya jiji la London, mbali na bahari kuu. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kufikia mita 7. Wakati wa bamvua, ukanda mpana wa tope na changarawe hubaki wazi kwa saa chache, na wasaka chupa huteremka. Kwa karne nyingi wakazi, mabaharia na wauza vinywaji walitupa taka zao humo.

Lebo ya karatasi haidumu majini, hivyo umri wa chupa husomwa mwilini mwake. Anza na mshono, yaani ule mstari mwembamba ulioachwa na kalibu ubavuni. Ukiishia shingoni, kalibu ilifinyanga mwili tu na fundi akamalizia mdomo kwa mkono. Nyingi za namna hii ni za karne ya 19. Ukipanda hadi ukingo wa mdomo, chupa hiyo kwa kawaida ni ya mashine, na mashine zilitawala kazi hii baada ya Mmarekani Michael Owens kufanikisha ile yake ya kujiendesha mwaka 1903. Usipoona mshono, usikimbilie kusema ni ya kale mno. Baadhi ya chupa za mvinyo zilizungushwa ndani ya kalibu zikiwa bado moto, mshono ukafutika, ikabaki mikwaruzo hafifu inayouzunguka mwili.

Sasa geuza kitako. Ukipapasa kovu la duara lenye kingo kali, hapo ndipo fundi alipogandisha fimbo ya chuma ili aishike chupa akitengeneza mdomo. Njia hiyo ilianza kuachwa katikati ya karne ya 19.

Umbo nalo lina sababu zake. Chupa ya Hamilton, ya maji yenye gesi, imechongoka mithili ya yai na haiwezi kusimama. Ililazwa makusudi: kizibo kililowa, kikavimba, gesi isipate pa kutokea. Katika miaka ya 1870 Mwingereza Hiram Codd alikiacha kizibo cha gome na kutia gololi ya kioo shingoni. Gesi huisukuma gololi juu hadi ikabana pete ya mpira; mnywaji huisukuma chini, nayo hunasa penye shingo iliyobinywa. Watoto walizivunja ili wapate gololi, ndiyo maana vipande vyake huokotwa kirahisi kuliko chupa nzima. Chupa za sumu zilipewa rangi ya buluu au kijani na mbavu zilizoinuka, ili mtu anayepapasa kabatini usiku atambue hatari kwa vidole.

Hata hivyo, ufuko huo si shamba la bibi. Anayetafuta vitu huko, hata kwa macho tu, anatakiwa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Bandari ya London, na kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 300 sharti kiripotiwe ili wataalamu wakiandikishe. Kwa hiyo kusoma mshono na kitako si ujuzi wa kutafutia bei tu: ndio unaomwezesha mwokotaji kujua ni chupa ipi aende nayo nyumbani na ipi aipeleke kwanza kwa wataalamu.