Mwendo wa gari unapodokeza ugonjwa wa kusahau

Dereva wa basi la mikoani Tanzania anakijua vizuri kifaa cha GPS, kwani ndicho mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hukitumia kumnasa akizidisha mwendo. Huko St. Louis, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitumia teknolojia hiyohiyo kuwachunguza madereva wanaopunguza mwendo.

Waliwafuatilia kwa mwaka mmoja madereva wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Kidude kilichomekwa chini ya usukani, palepale fundi anapochomeka mashine ya kupimia gari, kisha kila mmoja akaachwa aendelee na safari zake za kawaida bila mtahini kukaa pembeni yake. Huo ndio uzuri wa njia hii, maana mbele ya mtahini nani asiyeendesha kwa adabu?

Kifaa hupokea mawimbi ya setilaiti zinazozunguka kilomita 20,000 hivi juu ya dunia. Kikizipata nne, hukokotoa gari lilipo kwa kukosea mita chache tu. Kumbukumbu hizo zikiunganishwa, zinaonyesha mwendo, saa ya kutoka na mahali dereva anapopendelea kwenda.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalihusu watu 139. Kwa karibu nusu yao, vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, imeshaanza kujijenga ubongoni, ingawa bado walikuwa na kumbukumbu nzuri. Hao waliendesha polepole zaidi, walipunguza safari za usiku, na walikwenda sehemu chache, zilezile. Kompyuta iliyopewa data za safari pamoja na umri iliwatambua kwa usahihi unaokaribia asilimia 90.

Tusikimbilie kumpima babu kwa mwendo wa gari lake, lakini. Mtoto wa jicho nao humfanya mtu aogope taa za usiku, na goti bovu hupunguza safari. Watu 139 wa jiji moja ni wachache, tena ni jiji ambalo bila gari ni vigumu kufika sehemu nyingi. Mzee anayepanda daladala hana rekodi ya namna hiyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni bima. Tayari zipo kampuni Marekani zinazopanga ada kwa kuangalia mteja anavyoendesha. Data ileile inayoweza kumpeleka mzee hospitali mapema inaweza pia kumpandishia ada kabla hata daktari hajamwona.