Bangi ya viwandani: Mbegu ya Ulaya haifai kila shamba

Mfanyabiashara anayeshawishiwa kununua hisa au mbegu za bangi ya viwandani mara nyingi huonyeshwa kwanza takwimu za mavuno ya Ufaransa, nchi inayoongoza Ulaya kwa zao hilo. Takwimu hizo zaweza kuwa sahihi kabisa. Lakini ni za aina fulani ya mbegu, iliyopandwa mwezi fulani, katika nchi yenye mchana mrefu wakati wa kiangazi.

Zao hili, ambalo si katani ya mkonge ingawa baadhi ya watu huyachanganya, hulimwa kwa ajili ya nyuzi za mabua na mbegu zenye mafuta. Mmea wake hufuata urefu wa mchana. Mchana ukiwa mrefu, mmea hurefuka tu. Mwanga ukishuka chini ya takriban saa 14 kwa siku, aina nyingi za Ulaya huanza kuchanua, na baada ya hapo hazirefuki tena kwa kiasi cha maana. Kwa mnunuzi wa nyuzi, urefu wa bua ndiyo mali yenyewe.

Ndiyo maana tarehe ya kupanda ina bei. Wakulima wa Ufaransa hupanda kuanzia Aprili hadi katikati ya Mei, udongo ukishapata joto la kama sentigredi 10. Tuseme aina fulani huchanua katikati ya Agosti. Iliyopandwa katikati ya Aprili hupata miezi minne ya kukua. Iliyocheleweshwa hadi Juni mosi hupata miezi miwili na nusu tu, kwani maua hayamsubiri mkulima. Kuwahi mno nako ni hasara: mbegu huchelewa kuota katika udongo wa baridi na magugu hutangulia.

Kwa upande wa aina, Fedora 17 huwahi kukomaa, Felina 32 hufuata na Futura 75 huchelewa. Inayochelewa hutoa mabua mengi zaidi, lakini ikipelekwa kaskazini zaidi mbegu zake zaweza kukutwa na baridi kabla hazijakomaa. Finola ya Finland ni fupi na huwahi. Ni ya mbegu, si ya nyuzi. Anayetaka vyote viwili hupunjika kidogo kila upande, kwa kuwa nyuzi laini huvunwa maua yanapoanza, ilhali mbegu husubiri wiki kadhaa zaidi huku bua likizidi kuwa gumu.

Kwa mwekezaji wa Afrika Mashariki tatizo ni kubwa zaidi. Tanzania na Kenya zinaharamisha kilimo cha bangi, hivyo macho ya wengi yako Malawi, iliyopitisha sheria ya kuruhusu kwa leseni mwaka 2020. Lakini Lilongwe, hata mwezi Desemba, mchana hauzidi saa 13 hivi. Mbegu ya Ufaransa ikipandwa huko huona muda wa kuchanua umefika tangu inapoota, na shamba laweza kuchanua mimea ikiwa bado mifupi. Marekani, jimbo la Florida lilikutana na tatizo hilo hilo: aina za kaskazini ziliwahi mno kuchanua. Mbegu za kutafuta ni zile zilizozoea mchana mfupi, kama za Yunnan, kusini mwa China.

Kuna pia suala la THC, kemikali inayolevya. Marekani tangu 2018, na Umoja wa Ulaya tangu 2023, kikomo ni asilimia 0.3. Kiwango hupanda kadiri maua yanavyokomaa, na Marekani shamba linalovuka kikomo huteketezwa au husindikwa kwa masharti maalumu. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aangalie kama mkataba unataja jina la aina, tarehe ya kupanda, na nani atabeba hasara shamba likiteketezwa.