Kuuliza Si Ujinga: Swali la Ujenzi Liandikwe

Ndugu msomaji, makanisa yetu mengi yanajenga. Hapa ni darasa, kule ni zahanati, kwingine ni tangi la maji au nyumba ya mchungaji. Pesa zenyewe ni za harambee. Mmoja aliuza mbuzi, mwingine akaleta kuku na mayai yakanadiwa baada ya ibada. Jengo likiharibika, hasara si ya mjenzi peke yake. Ni ya wote waliotoa.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo moja linaloonekana dogo. Fundi anakwama kazini. Anauliza kwa mdomo, anajibiwa kwa mdomo, na baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka nini kilisemwa.

Tuchukue mfano wa zahanati. Ramani ya injinia inaonyesha kwamba boriti iliyo juu ya mlango mpana wa wodi iwekwe vyuma vinne vya Y16. Lakini orodha ya vifaa na bei, ile watu wa kazi huiita BQ, inasema Y12. Vyuma vya Y12 vimeshanunuliwa na viko stoo. Fundi anamwuliza mwenyekiti wa kamati, naye anasema, "Wewe weka tu hivyo vilivyoko, tofauti ni kidogo." Ijumaa zege inamwagwa.

Je, tofauti ni kidogo? Kwa macho ni milimita 4 tu. Lakini chuma kinabeba mzigo kulingana na unene wake wote, yaani ukubwa wa uso ule unaouona ukikikata. Y12 kimoja kina milimita mraba 113. Y16 kimoja kina 201. Kwa hiyo vyuma vinne vya Y12 vina 452, na vinne vya Y16 vina 804. Fundi ameweka zaidi kidogo ya nusu ya chuma kilichotakiwa! Kufikia kiasi kile angehitaji Y12 nane, na hata hivyo ni injinia wa kusema kama vyote vitaenea ndani ya boriti na zege ipite katikati yao.

Zege ikishafunika vyuma, hakuna jicho litakaloviona tena. Ndiyo sababu swali lazima liulizwe mapema, na liandikwe.

NANI AULIZE, NANI AJIBU

Anayeuliza ni mjenzi au msimamizi wake, kwa sababu yeye ndiye anayeisoma ramani kila siku. Anayejibu ni yule aliyeichora. Mambo ya vyuma, msingi, nguzo na boriti ni ya injinia. Mambo ya vipimo vya vyumba, milango, madirisha na rangi ni ya msanifu wa majengo. Mambo ya BQ na malipo ni ya mkadiriaji wa gharama.

Mwenyekiti, mchungaji na mweka hazina hawajibu maswali ya vyuma, hata wakiwa watu wenye heshima kubwa. Kazi yao ni kuhakikisha kwamba swali limefika na jibu limerudi. Tena kamati isione haya kumwuliza injinia kama ameandikishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na mjenzi kama ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

SWALI ZURI LINA NINI

Swali baya husema, "Injinia, vyuma vya boriti vikoje?" Injinia yuko mjini, ana kazi nyingine tano, na jengo lako lina boriti kumi. Ataanza kukuuliza wewe maswali, na wiki inapita. Swali zuri linamwezesha kujibu bila kutoka ofisini. Kwa mfano:

Swali Namba 7. Tarehe 4 Machi.
Kwa: Injinia. Nakala: msanifu, mkadiriaji na kamati.
Ramani: S-03. Pia BQ, ukurasa wa 12.
Mahali: Boriti ya juu ya mlango wa wodi, kati ya nguzo B2 na B3.
Tatizo: Ramani inaonyesha vyuma 4 vya Y16 upande wa chini. BQ inasema Y12.
Swali: Tufuate ipi?
Maoni ya mjenzi: Tufuate ramani. Y12 zilizoko zitumike mahali pengine palipoonyeshwa Y12.
Jibu linahitajika kufikia: 11 Machi, kwa sababu zege itamwagwa 14 Machi.

Ona mambo haya. Swali lina namba. Ni jambo moja tu, si matano yaliyochanganywa. Limetaja ramani na mahali penyewe. Mjenzi ametoa maoni yake, na mara nyingi injinia ataandika tu "Nakubali" na kutia sahihi. Mwisho, tarehe imetolewa pamoja na sababu yake. Usiandike "haraka sana" kwa kila swali, maana siku ya haraka ya kweli hakuna atakayekuamini.

Kabla ya kuandika, tafuta kwanza katika ramani zote na maelezo yote. Kuuliza jambo lililoandikwa wazi ni kuwachosha watu, na likizoeleka maswali ya maana yatachelewa kujibiwa.

DAFTARI LA MASWALI

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Maswali nayo ni hivyo hivyo. Nunua daftari moja gumu ulichore mistari ya kusimama: namba ya swali, tarehe lilipotumwa, limetumwa kwa nani, linahusu nini, jibu linatakiwa lini, jibu limekuja lini, na kama kazi imefanywa. Msimamizi aliweke pale kazini, na karani wa kamati awe na nakala.

Katika kila mkutano wa kazi daftari lifunguliwe. Msisome maswali yote. Someni yale ambayo hayajajibiwa, mkianza na yaliyopita tarehe. Swali likikaa bila jibu, mjenzi ana haki ya kusema kwamba amecheleweshwa na kuomba siku zaidi. Daftari litaonyesha kama anasema kweli. Vile vile litaonyesha kama yeye mwenyewe aliuliza Alhamisi jambo la Ijumaa.

JIBU LIKIFIKA

Kazi haijaisha. Kwanza, fundi anayefunga vyuma aambiwe, maana jibu lililolala katika faili halijengi. Pili, ramani iliyoko kazini iandikwe kwa kalamu nyekundu mahali palipobadilika, pamoja na namba ya swali. Kama ramani mpya imeletwa, ile ya zamani iondolewe kabisa.

Tatu, angalieni pesa. Katika mfano wetu Y16 inagharimu zaidi ya Y12. Jibu la injinia si ruhusa ya kutumia pesa za kanisa. Kama bei inabadilika, msanifu atoe agizo la maandishi, mkadiriaji aseme ni shilingi ngapi, na kamati ikubali kabla ya kununua. Kristo mwenyewe alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28).

NA SIMU JE?

Siku hizi mtu anapiga picha na kuituma kwa WhatsApp, na jibu linarudi kabla chai haijapoa. Ni msaada mkubwa, hasa kwa sisi tulio mbali na mji. Lakini simu huibwa, huanguka majini, na ujumbe hufutwa. Kwa hiyo jibu la simu liandikwe daftarini siku hiyo hiyo, kisha mjenzi amtumie injinia barua fupi: "Leo umesema tutumie Y16 katika boriti B2 hadi B3. Tafadhali thibitisha." Mpaka athibitishe, boriti hiyo isimwagwe zege. Mafundi waendelee na kazi nyingine.

Wapendwa, fundi anayeuliza asichekwe wala asiitwe mjinga. Anawalinda akina mama watakaojifungulia katika wodi ile. Kamati ambayo bado haina daftari la maswali inunue moja kabla ya mkutano wa kazi unaofuata, na swali la kwanza lipewe namba 1.